Nani hasa anatengeneza kioo cha runinga unayouza?

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

BUJUMBURA: Mnunuzi anayeingia duka la vifaa vya umeme Carama, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, huuliza kwanza jina la runinga, kisha inchi, kisha bei. Mfanyabiashara aliyeagiza mzigo huo kutoka Kariakoo, Dubai au Guangzhou naye mara nyingi huwa ameuliza maswali hayo hayo matatu. Swali la nne, ambalo ndilo linalogusa sehemu kubwa zaidi ya gharama ya bidhaa, huwa haliulizwi: kioo kilichomo ndani kimetoka kiwanda gani?

Jibu fupi ni kwamba sehemu kubwa ya vioo vya runinga bapa duniani hutengenezwa na makampuni machache ya China, Taiwan na Korea Kusini, na China peke yake hutoa zaidi ya nusu. Majina yaliyochapwa mbele ya runinga ni mengi sana, lakini wenye viwanda vya vioo unaweza kuwahesabu kwa vidole.

Makala haya yanaeleza wao ni nani, jinsi ya kuwatambua kwa kusoma stika, na kwa nini jambo hili linamhusu mwagizaji, wakala wa forodha na mwenye lori.

KIOO NI NINI HASA

Mafundi wetu huita "kioo" kile ambacho viwandani ni paneli. Katika runinga za LCD, paneli ni vipande viwili vyembamba vya kioo vilivyobandikwa pamoja, katikati vikiwa na kimiminika maalumu kinachopitisha au kuzuia mwanga kinapopata umeme. Nje ya vipande hivyo hubandikwa filamu za kuchuja mwanga, na pembeni huunganishwa chipu ndogo zinazoendesha picha.

Paneli ya LCD haitoi mwanga wenyewe. Mwanga hutoka kwenye taa zilizopangwa nyuma au pembeni. Runinga inayouzwa kwa jina la "LED" kwa kawaida ni LCD hiyo hiyo ambayo taa zake za nyuma ni za LED. Runinga ya OLED ni tofauti, kwa sababu kila nukta ya picha hujiwakia yenyewe bila taa za nyuma. Plasma, ambayo ilishindana na LCD baada ya kupitwa na wakati kwa TV za chogo, imetoka sokoni: Panasonic ilisimamisha uzalishaji wake kati ya 2013 na 2014, na Samsung na LG wakafuata 2014.

Tofauti hii ina maana kwa biashara. Taa za nyuma zikiungua, fundi wa Buyenzi au Kinama anaweza kufungua runinga, akabadilisha mistari ya LED na mteja akarudi nyumbani na TV yake. Kioo kikipasuka hakuna fundi wa kukiziba. Ni lazima kibadilishwe kizima, na bei ya kioo kipya, pamoja na usafiri wake, mara nyingi hukaribia bei ya runinga mpya. Ndiyo maana maduka ya mafundi yamejaa runinga zenye mbao nzima za umeme na vioo vilivyokufa.

WENYE VIWANDA

Yafuatayo ndiyo makampuni makuu yanayotengeneza, au yaliyotengeneza hadi karibuni, vioo vya runinga.

BOE (China). Ilianzishwa Beijing mwaka 1993. Mwaka 2003 ilinunua biashara ya LCD ya Hyundai ya Korea Kusini, na hapo ndipo ilipopata ujuzi wa kuanzia. Mwaka 2017 ilifungua Hefei kiwanda cha kwanza duniani cha kizazi cha 10.5, na baadaye kingine Wuhan.

TCL CSOT (China). Ilianzishwa Shenzhen mwaka 2009 na iko chini ya kundi la TCL. Ilinunua kiwanda cha LCD cha Samsung kilichoko Suzhou katika makubaliano ya 2020, na mwezi Aprili 2025 ikakamilisha ununuzi wa kiwanda cha LCD cha LG Display kilichoko Guangzhou.

HKC (China). Ina viwanda katika miji ya Chongqing, Chuzhou, Mianyang na Changsha. Vioo vyake hupatikana kwa wingi katika runinga za bei nafuu.

Innolux (Taiwan). Ilipata ukubwa wake mwaka 2010 ilipoungana na Chi Mei, ndiyo maana runinga za zamani zina stika za CMO au Chimei Innolux.

AUO (Taiwan). Ilizaliwa mwaka 2001 kwa muungano wa makampuni mawili, Acer Display na Unipac, kisha ikaimeza Quanta Display mwaka 2006.

LG Display (Korea Kusini). Kabla ya 2008 iliitwa LG.Philips LCD. Baada ya kuuza kiwanda cha Guangzhou, nguvu yake katika runinga iko kwenye OLED.

Samsung Display (Korea Kusini). Ilifunga uzalishaji wake wa LCD mwaka 2022. Kwa upande wa runinga imebaki na aina ya OLED iitwayo QD-OLED.

Sharp (Japani). Kiwanda chake cha Sakai, kilichofunguliwa 2009, kilikuwa cha kizazi cha 10 na kilikuwa fahari ya Japani. Foxconn ya Taiwan iliinunua Sharp mwaka 2016, na mwaka 2024 Sakai ikaacha kutengeneza vioo vya runinga.

MAJINA MAKUBWA, VIOO VYA WENGINE

Samsung ilishika nafasi ya kwanza kwa mauzo ya runinga duniani mwaka 2006 na ikaendelea kuongoza kwa miaka mingi. Hata hivyo, tangu 2022 kundi hilo halina kiwanda cha LCD. Runinga zake za LCD hutumia vioo vinavyonunuliwa kwa makampuni ya China na Taiwan, na tangu 2023 baadhi ya OLED zake hutumia vioo vya mshindani wake, LG Display.

Sony iliwahi kuwa na ubia wa kiwanda cha vioo na Samsung, ulioitwa S-LCD na kuanzishwa 2004. Ilitangaza kuuza hisa zake mwishoni mwa 2011. Tangu 2017 imeuza OLED zenye vioo vya LG Display, na tangu 2022 imeongeza vioo vya Samsung Display. Panasonic ilitangaza mwaka 2016 kuacha kutengeneza vioo vya runinga katika kiwanda chake cha Himeji. Hisense, ambayo ina kiwanda cha kuunganisha runinga Atlantis, Afrika Kusini, tangu 2013, nayo hununua vioo kwa wengine.

Kuna pia majina yaliyohama mikono. Biashara ya runinga za Toshiba ilinunuliwa na Hisense katika makubaliano ya Novemba 2017. Biashara ya runinga za Philips iliingia mwaka 2012 katika ubia na TPV, na TPV ikaimiliki yote mwaka 2014. Mteja wa Bujumbura anayesema "mimi nataka ya Ulaya" au "nataka ya Kijapani" huenda analipia historia ya jina.

Katika majina makubwa ya China, TCL ndiyo yenye ndugu wa damu anayetengeneza vioo kwa wingi. Hata hivyo, CSOT haiuzii TCL peke yake. Huuzia pia washindani wake, kwa sababu kiwanda cha vioo hakiwezi kuishi kwa mteja mmoja.

Hii haina maana kwamba runinga zote ni sawa. Kioo kile kile kikiwekewa taa chache, usambazaji umeme dhaifu na programu mbovu hutoa runinga duni. Kikiwekwa kwenye mwili mzuri hutoa picha safi na hudumu. Aidha, vioo hupangwa kwa madaraja. Daraja A ndilo safi, na madaraja ya chini huwa na nukta zilizokufa au mwanga usiolingana. Runinga mbili zenye kioo cha kiwanda kimoja zinaweza kutofautiana bei kwa sababu ya daraja tu.

KWA NINI VIWANDA NI VICHACHE

Kiwanda cha vioo ni miongoni mwa miradi ghali sana ya viwanda. Kile cha BOE cha Hefei kiligharimu zaidi ya yuan bilioni 40. Hakuna muuza runinga wa kawaida anayeweza kujenga cha kwake.

Uchumi wake unategemea ukubwa wa karatasi ya kioo. Kiwanda cha kizazi cha 8.5 huanza na karatasi ya milimita 2,200 kwa 2,500, ambayo hukatwa vioo 18 vya inchi 32 au 6 vya inchi 55. Kizazi cha 10.5 huanza na karatasi ya milimita 2,940 kwa 3,370, ambayo hutoa vioo 8 vya inchi 65 au 6 vya inchi 75. Mwenye karatasi kubwa hupata vioo vikubwa kwa gharama ndogo kwa kila kimoja. Serikali za miji ya China zilichangia mitaji ya viwanda hivi, na Japani na Korea Kusini zikashindwa kufuata mwendo huo katika LCD.

Malighafi nazo zina wenyewe. Karatasi za kioo hutoka kwa makampuni kama Corning ya Marekani na AGC ya Japani, na Merck ya Ujerumani ni muuzaji wa siku nyingi wa kimiminika kinachowekwa katikati.

BEI YA KIOO HUFIKA HADI CARAMA

Wenye viwanda wakiwa wachache, uamuzi wao hufika mbali. Wakipunguza uzalishaji, bei hupanda. Wakizalisha kupita kiasi, bei huanguka.

Mfano mzuri ni miaka ya korona. Katikati ya 2020 kioo cha inchi 32 kiliuzwa kiwandani kwa dola 30 na kitu. Watu walipojifungia majumbani na kununua runinga, bei ikapanda hadi kuvuka dola 80 katikati ya 2021. Kabla ya 2022 kwisha ilikuwa imeshuka chini ya dola 30. Aliyejaza stoo katikati ya 2021 alishindana mwaka uliofuata na jirani aliyenunua mzigo kama huo kwa bei ya chini sana.

Kwa mfanyabiashara wa Burundi, ambaye dola huzipata kwa taabu na ambaye mzigo wake hukaa njiani kwa wiki nyingi, kuyumba huku ni hatari ya kweli. Bei za vioo hutangazwa mara kwa mara na makampuni ya utafiti wa soko kama TrendForce, na muhtasari wake husomwa bure kwenye intaneti. Kabla ya kutuma pesa ya oda, dakika kumi za kuangalia kama bei ya inchi unayoagiza inapanda au inashuka si muda uliopotea.

JINSI YA KUSOMA STIKA

Stika ya nje, nyuma ya runinga, hutaja jina la biashara, modeli, volti na nchi runinga ilikounganishwa. Maneno "imetengenezwa" katika nchi fulani huhusu runinga nzima, si kioo. Kioo kina stika yake ndani, ambayo fundi huiona akifungua mfuniko wa nyuma. Namba yake kwa kawaida huanza hivi:

- HV: BOE, kwa mfano HV320WHB
- ST: CSOT, kwa mfano ST3151A05
- PT: HKC, kwa mfano PT320AT01
- V: Innolux, kwa mfano V320BJ6
- T ikifuatwa na tarakimu: AUO, kwa mfano T320XVN02
- LC: LG Display, kwa mfano LC320DXE
- LTA au LSC: Samsung, kwa mfano LSC320AN10

Tarakimu tatu za mwanzo ni ukubwa kwa inchi mara kumi. 320 ni inchi 32. 315 ni inchi 31.5, ambayo dukani huuzwa kama 32. 550 ni inchi 55.

Kuna tahadhari mbili. Kwanza, herufi hizi ni desturi za viwanda, si sheria, na baadhi ya waunganishaji hubandika stika zao juu ya zile za kiwanda cha kioo. Pili, modeli moja ya runinga inaweza kubeba vioo vya viwanda tofauti kulingana na kilichopatikana wiki ile. Kwa hiyo fungua sampuli kutoka katoni tofauti za mzigo ule ule, usiridhike na moja. Anayenunua vioo vya akiba kwa ajili ya mafundi aandike namba kamili ya kioo kwenye oda. Jina la runinga na inchi pekee havitoshi, na kioo cha namba nyingine huenda kisikubaliane na mbao zilizomo.

JINA LA KUKODI NA JINA LA KUGHUSHI

Runinga nyingi za majina tusiyoyajua hutoka kwa waunganishaji wa China wanaotengeneza kwa ajili ya yeyote mwenye oda. Mfanyabiashara huchagua kioo, mwili na jina lake, na kiwanda hulichapa. Hii ni biashara halali. Kukodi jina maarufu kwa mkataba na mwenye jina nayo ni halali.

Kisichokuwa halali ni kuchapa jina la mtu mwingine, au jina lililobadilishwa herufi moja ili limdanganye mnunuzi. Hoja ya "lakini kioo ni kile kile" haimwokoi mtu, hata ikiwa kweli. Nchini Tanzania, Tume ya Ushindani hukagua bidhaa bandia katika Bandari ya Dar es Salaam, na Kenya ina mamlaka yake ya kupambana na bidhaa hizo. Mzigo wa Bujumbura unaopita huko hauko salama kwa sababu tu ni wa nchi nyingine.

FORODHA

Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, runinga kamili iko chini ya namba 8528. Tangu toleo la 2022, moduli za paneli bapa zimepewa namba yao, 8524. Sehemu nyingine za runinga ziko 8529. Anayeagiza vioo vya akiba ahakikishe ankara inasema hivyo wazi, kwa sababu neno "televisheni" kwenye ankara ya vioo huleta ubishi. Kinyume chake, kuitenganisha runinga vipande katika mzigo mmoja hakuifanyi kuwa vipuri. Kanuni za uainishaji huihesabu bidhaa iliyofunguliwa kama bidhaa kamili.

Jambo la pili ni asili ya bidhaa. Runinga iliyotoka China haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa sababu imenunuliwa Kariakoo au Kigoma. Utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 ni wa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Hata runinga iliyounganishwa ndani ya Jumuiya hupata msamaha iwapo tu ina cheti cha asili na imetimiza masharti, na kufunga skrubu na kupaki kwenye katoni peke yake hakutoshi. Mwulize muuzaji cheti kabla ya kulipa, si ukiwa Kobero.

KWA MSAFIRISHAJI

Kutoka Dar es Salaam hadi Bujumbura ni takriban kilomita 1,600 kwa barabara, kupitia Dodoma, Singida na Kahama hadi mpaka wa Kabanga na Kobero, kisha Muyinga, Ngozi, Kayanza na mteremko wa Bugarama. Wengine hupitia Kigoma, kwa meli au kwa barabara ya Manyovu na Mugina. Kwa njia yoyote, kioo huwa ni kipande chembamba na kipana kinacholindwa na povu na katoni.

Katoni isafiri imesimama, kama mishale iliyochapwa inavyoonyesha. Ikilazwa, kila shimo la barabara huukunja uso wa kioo. Idadi ya katoni zinazoruhusiwa kupandana huchapwa ubavuni, na iheshimiwe. Kamba isikaze upande wa mbele wa runinga. Mzigo mzito usiegemezwe juu yake, hata kwa safari fupi ya kutoka bandarini hadi stoo.

Ugomvi mkubwa hutokana na katoni nzima yenye kioo kilichopasuka ndani. Dawa yake ni kufungua na kuwasha sampuli wakati wa kukabidhiana, mbele ya dereva na mwenye mzigo, na kuandika matokeo kwenye hati ya kupokelea kabla ya kusaini. Kuhusu bima, masharti ya kimataifa ya Institute Cargo Clauses, hata yale ya daraja A ambayo ndiyo mapana zaidi, hayalipi hasara iliyotokana na ufungashaji usiofaa. Aliyetoa runinga kwenye katoni zake ili zienee nyingi kwenye lori asitegemee kulipwa.

Hesabu ndogo inaonyesha uzito wa jambo hili. Tuseme mfanyabiashara wa Carama ameleta runinga 100, kila moja ikimfikia kwa dola 80, na anauza kwa dola 88. Mtaji wake ni dola 8,000 na faida anayotarajia ni dola 800. Vioo 10 vikipasuka njiani, atauza 90 na kupata dola 7,920. Faida yote imekwenda, na mtaji umepungua kwa dola 80.

KABLA YA KULIPA

Kwa kifupi, mwagizaji amwulize muuzaji mambo sita na ayaandike kwenye mkataba: namba kamili ya kioo, daraja lake, mwenye haki ya jina lililochapwa, namba ya forodha itakayotumika, cheti cha asili kama kinadaiwa kuwepo, na nani anabeba hasara ya vioo vilivyopasuka hadi mzigo ufike mlangoni. Muuzaji anayejibu matano ya kwanza lakini akakwepa la sita, bei yake haijakamilika.